Mtu Asifungue Kisanduku Ila Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Nimevumilia vya kutosha. Kiuno cha mwalimu mkuu kimekuwa sentimita 8. Nane! Hiyo ni shingo ya chupa. Ijumaa nilikiandika mwenyewe, 88, na mimi namba huwa sikosei, niulizwe usingizini. Nimeuliza nani kafuta. Hakuna. Katika duka hili kila kitu hufanywa na Hakuna. Hakuna kavunja sindano, Hakuna kamaliza sukari, na sasa Hakuna kampunguza mwalimu mkuu.

Duka ni langu. Nilianza na cherehani moja ya kukodi chini ya ngazi za watu, leo ninazo nne, meza ya kukatia, na kompyuta pale dirishani yenye programu ya vipimo. Ni jedwali kubwa: kila mteja mstari wake, kila kipimo kisanduku chake. Mimi napima na kuandika. Wifi, dada wa mume wangu, anakata. Baba Watoto anapiga pasi na hana upande. Programu aliitengeneza yule kijana wa kompyuta, ambaye mwaka mzima huu anakuja kurekebisha mashine isiyoharibika. Mimi si kipofu. Anamfuata binti yangu.

Mchana nikafanya uchunguzi. Nikajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Haukupita muda, Wifi akaja kusoma kipimo. Akabofya namba, maana yeye husoma kwa kugusa, hata gazeti analisoma kwa kidole. Kisanduku kikafunguka, kale kamstari ndani yake kakaanza kupepesa, na yeye akatua mzigo wa kitambaa juu ya kibodi akaenda kutafuta chaki. Kitambaa kikaandika! Mabega ya mteja yakawa 4666666.

Nikatoka nyuma ya makoti nikapaza sauti kwamba nimemkamata. Wifi akaruka, akasema nitakuja kumuua mtu siku moja, na kwamba hajagusa kitu, alikuwa anaangalia tu. Nikamwambia kuangalia ni kwa macho. Akasema nilipoolewa kwao sikuwa na maneno hivi. Nikamjibu nilipoolewa kwao hapakuwa na kompyuta.

Ningenyamaza, lakini wiki hii siyo ya mchezo. Jumapili baba yake kijana anakuja nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, kumzungumzia mwanawe. Atavaa suti tunayomshonea sisi. Kitambaa ni chake, cha kijivu, alikinunua siku aliyostaafu udereva wa lori, akakifungia kabatini akisema atakivaa siku atakayompeleka mwanawe kwa watu. Kiwanda kilichokifuma kilishafungwa. Hakuna kingine popote. Binti yangu ameniambia wazi kwamba suti ile ikiharibika, sitamwona tena akiosha chombo katika nyumba hii. Nikamwambia mkononi mwangu haiharibiki nguo. Wa kuchungwa ni shangazi yake.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwita kijana. Nikamwambia nataka kisanduku kisifunguke ovyo. Akaeleza kwa ile sauti yake ya hospitali kwamba kwa sasa ukibofya mara moja tu kinafunguka, tayari kuandikwa. Anaweza kukifanya kichaguliwe tu kwa mbofyo mmoja, kionekane kwa rangi bila kubadilika, na kifunguke kwa mibofyo miwili ya haraka. Nikasema afanye. Akafanya. Chai yake ilikuwa haijapoa.

Mchana nikarudi nyuma ya makoti. Wifi akaja. Akabofya mara mbili, ta-ta, kama ndege anadonoa. Kikafunguka!

Nikatoka. Akasema angenunua kengele anifunge shingoni. Nikamuuliza kajuaje. Akashangaa kajuaje nini. Kumbe siku zote hubofya mara mbili, kwa kuwa ule mbofyo wa kwanza hauamini. Wa kwanza, anasema, ni wa kubisha hodi.

Mimi sasa. Kidole changu cha shahada kimechomwa na sindano miaka na miaka, kina kasi yake. Nikabofya: ta. Nikajipanga. Ta. Kimya. Tena: ta. Ta. Kimya. Yaani Wifi anaingia na kutoka anavyotaka, na mimi mwenye duka nasimama nje nabisha hodi. Baba Watoto akanishauri nibofye haraka kidogo. Nikamshauri apige pasi haraka kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya, na huu ndio wenyewe. Kipanya kisifungue chochote. Kisanduku kifunguke kwa kitufe kimoja tu cha juu ya kibodi, kile cha F2, na ajuaye ni mimi peke yangu. Kijana akasema sawa mama, ila kuna jambo: kisanduku kikiwa kimechaguliwa, hata kwa vitufe vya mishale, mtu akigusa tarakimu yoyote, inaandikwa palepale na namba ya zamani inafutika yote. Ndivyo 88 ilivyokuwa 8! Nikamwambia azibe na tundu hilo. Akaziba.

Nikiwa nimechangamka nikaongeza lingine. Wifi abaki na kisanduku kimoja tu mwisho wa mstari, cha kuweka alama kwamba kazi imekatwa. Akishaweka alama, mstari wote ufungwe usifunguliwe tena na mtu yeyote.

Akaniuliza, hata wewe mama? Nikasema hata mimi. Sheria ni sheria. Akasema pengine itatokea haja ya kusahihisha. Nikamwambia kilichokatwa kimekatwa, kitambaa hakirudi. Akauliza basi aache japo mlango mdogo wa dharura. Nikamwambia dharura ni za wazembe. Akanitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa mbishi, akaandika.

Halafu nikamkalisha Wifi. Nikamweleza kuanzia leo asiguse jedwali, asiniulize kuhusu jedwali, asinipe maoni juu ya jedwali. Akate kilichoandikwa. Akanitazama kwa juu ya miwani. Kilichoandikwa? Kilichoandikwa. Hata kama…? Hakuna hata kama!

“Haya, wifi,” akasema.

Sikuipenda ile haya. Ilikuwa tamu mno.

Alhamisi, 7 Machi

Amani kutwa nzima. Hakuna namba iliyohama. Hakuna kiuno kilichopungua. Nimekosa raha kabisa.

Fikiria. Nimekaa nyuma ya makoti asubuhi yote, nimepata chafya tu. Wifi anasoma namba kwa kidole, anabofya ta-ta yake, kisanduku kimya, anakwenda kukata huku anaimba. Anaimba! Na Baba Watoto kathubutu kusema umeona sasa, dada yangu hakuwa na nia mbaya, ni mashine tu. Kwa hiyo mimi ndiye nimekuwa mgomvi.

Kisha saa ya chakula nikamwona anakitazama kibodi. Safu ile ya juu. Akasema anafuta vumbi. Vumbi! Kibodi hicho hakijafutwa tangu kinunuliwe. Anakijua kitufe, huyu. Anangoja tu.

Nikatega mtego. Baba yake kijana, urefu wa suruali: 104. Nikafungua kisanduku, nikaandika 60. Hesabu yangu ni hii. Wifi ana jicho, akiona 60 lazima mkono umwashe. Kama anakijua kitufe, atasahihisha mwenyewe kimyakimya, na kesho nikikuta 104 nimemshika. Kama hakijui, nitakuta 60 yangu, nitairudisha 104, na hakuna atakayejua. Nitawahi mimi. Wifi hajawahi kufika dukani kabla ya jua kupanda tangu nimjue.

Nikamweleza Baba Watoto. Pasi ikasimama, mpaka tukasikia harufu ya shati linaungua. Akasema mke wangu, usifanye. Nikamwambia yeye mambo ya usalama hayajui, na shati ni la nani?

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimejifungia chumbani.

Muuza nyuzi alinishika njiani na habari za rangi mpya. Kufika, mlango wazi. Wifi yuko ndani. Kawahi! Anasema alitaka suti ya mzee ikatwe asubuhi mapema mkono ungali mwepesi, kwa heshima ya wageni.

Mezani suruali ya kijivu. Inaishia magotini.

Wifi amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anakunywa chai. Nikamuuliza hii nini. Akasema 60. Nikamuuliza hakuona kwamba 60 haiwezekani. Akasema aliona. Sasa? Akasema aliambiwa asiguse, asiulize, asitoe maoni, akate kilichoandikwa.

“Nikajua labda mzee anacheza mpira, wifi.”

Nikakimbilia kompyuta. F2. Kimya. F2 kwa nguvu. Kimya. Nikabofya mara mbili, mara tano, kwa kidole gumba. Mstari umegeuka rangi ya majivu na mwisho wake kuna alama ya Wifi, nzuri: kazi imekatwa. Ile 60 inanitazama. Sijui nilitaka nikiifungua nifanye nini. Kurudisha 104 kusingerefusha kitu. Lakini mtu akianguka hushika hata nyasi.

Nikampigia kijana. Nikamwambia fungua mstari. Akasema mama, ulisema hata wewe. Nikamwambia kwa nini ananisikiliza! Akauliza ni mstari wa nani. Nikakohoa. Akauliza tena. Nikakohoa tena. Akasema, taratibu, ni wa baba?

Akaja mbio. Aliiinua suruali, akajipimia mwenyewe, akaketi. Afadhali angefoka, kufoka nakuweza. Baadaye akasema kila mwaka baba yake alikuwa anakitoa kile kitambaa, anakianika dirishani kipate hewa, anakikunja upya kwa mikunjo ileile. Akauliza nani aliandika 60.

Wifi akatazama chai. Baba Watoto akatazama pasi. Lakini hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu. Katika duka hili mtu anayeweza kufungua kisanduku ni mmoja tu, nimehakikisha mwenyewe. Leo Hakuna kapata jina.

Nikasema ulikuwa mtego. Kijana akauliza wa kumkamata nani. Hapo nikaona hata nikieleza haitasaidia.

Binti kanisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, ambayo ni ishara mbaya. Vyombo viko kwenye beseni. Viko vilevile.

Jumamosi, 9 Machi

Niliwahi. Wifi akawahi zaidi. Nimeanza kuamini analala dukani.

Meza imefagiliwa, na juu yake nusu za chini za suruali, miguu yote miwili, nzima, zimebanwa pini. Kulia imeandikwa kulia kwa chaki, kushoto kushoto. Kumbe hakutupa hata uzi. Alikata kila mguu wa 104 kwanza, vizuri, halafu ndipo akapita mkasi magotini, mstari mmoja ulionyooka, mahali panapoungika.

Nikamwuliza basi alijua. Akasema alijua tangu alipoiona namba, kwa kuwa 60 ile haikuandikwa na kitambaa, iliandikwa na mtu mwenye nia, na mwenye nia dukani hapa ni mmoja. Alitaka nikae na adabu siku moja tu. Tangu tujuane hajawahi kuniona na adabu, akasema, na ilinipendeza.

Nilitaka kumpiga na rula. Nilitaka kumkumbatia. Nikachukua futikamba.

Hesabu yangu, mkasi wake. Sitini na arobaini na nne ni mia na nne, lakini mshono unakula sentimita moja kila upande, hizo mbili zimepotea. Upindo wa chini ulikuwa wa nne. Nikaupunguza ukawa wa mbili, deni la goti likalipwa na kisigino. Wifi akasema mshono tu usionekane. Nikasema nani asiyeuona, utaonekana tu, basi tuuonyeshe kusudi: utepe mwembamba wa kitambaa kilekile, unazunguka goti, kama jambo lililokusudiwa. Wifi akauchora utepe kwa chaki. Akasema kwa mtu mjinga nina akili sana.

Tukashona mguu mmoja mmoja, yeye wa kulia mimi wa kushoto, cherehani mbili zinagombana mlio. Ile cherehani ya kwanza, ya chini ya ngazi, tuliibeba mimi na yeye, kila mtu na upande wake, na sikumbuki tuliacha kubishana hata hatua moja. Alikuwa ananiambia naibeba vibaya. Leo kaniambia nashona vibaya. Mguu wangu ndio umenyooka zaidi.

Kijana alikuja akabaki ameshika kisahani cha pini kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Nikamwambia, mwanangu, programu yako haina kosa. Nusura amwage pini. Nikaendelea kwamba tatizo lilikuwa la matumizi. Ya nani, sikuingia huko.

Baba Watoto akapiga pasi mshono ule polepole, kwa kitambaa kibichi juu, mpaka ukalala kama uliozaliwa pale. Mara hii sikumwambia aharakishe.

Jumapili, 10 Machi

Mzee kaja. Mrefu, mabega ya mlango. Koti limemkaa mpaka nikasahau woga kidogo. Kisha akaketi, suruali ikapanda, na mistari miwili ikatokea magotini, mbele ya watu wote, kama nyusi.

Akaitazama. Akapitisha kidole. Akauliza hii ni nini.

Kijana akafungua mdomo, na yule kijana hajui kudanganya, hiyo ni kasoro aliyonayo. Binti akasimama kumletea maji ambayo hakuyaomba. Nikawahi. Nikasema ni mtindo. Goti linapumua.

Mzee akakunja goti. Akalinyoosha. Akalikunja. Akasema maisha yake yote ya udereva suruali zilimvimba magotini kama mifuko, kwa kukaa, mpaka akisimama alionekana bado amekaa. Hii haijavimba. Akauliza nani alibuni.

Hapo nikamtazama Wifi. Alikuwa na kila haki. Neno moja tu, na mimi nimekwisha, na binti yangu pamoja nami. Akaweka kikombe chini.

“Wifi yangu huyu,” akasema. “Jambo hili limemnyima usingizi kabisa.”

Yakazungumzwa yaliyokuja kuzungumzwa. Mzee alimsifia mwanawe kwa uvumilivu, na watu watatu chumbani wakakubaliana naye haraka kuliko ilivyo kawaida. Baba Watoto akasema maneno mazuri ambayo sikujua anayo. Jibu likawa ndiyo. Jikoni nikasikia maji, na vyombo vinagongana, na mtu anaimba kwa sauti ya shangazi yake.

Wakati wa kuaga mzee akanishika mkono, akaniinamia. Akasema ameendesha malori miaka mingi, akalala chini yake, akayaunga kwa waya na kwa moto, na kitu kilichoungwa anakijua akikiona. Nikakosa pa kutazama. Akasema hiki kimeungwa vizuri. Halafu akacheka mpaka utepe ukatikisika, akaondoka anakunja magoti njia nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Wazee wanne wamekuja, madereva wastaafu, wanataka suruali zinazopumua. Wanne kwa siku moja, na mmoja kaagiza na ya shemeji yake. Ningejua ningeikata ile suruali mapema.

Nimempigia mkwe aje, akaja. Ndiyo, nimemwita mkwe, kajikwaa kwenye kizingiti. Nikamwambia aongeze safu mpya kwenye jedwali, iitwe Goti. Akauliza kwa uangalifu sana visanduku vyake vifunguke vipi: mbofyo mmoja, miwili, au kitufe? Na mlango wa dharura je? Nikamwambia nimelifikiria jambo hili jana kutwa, hata wakati mzee anaongea, na nimegundua kosa lilikuwa wapi.

Kosa halikuwa mtego. Mtego ulikuwa mzuri. Wala kufuli halikuwa na ubaya. Kosa ni kwamba kitufe nilikijua mimi peke yangu, kwa hiyo likitokea la kutokea, wa kutazamwa ni mimi peke yangu. Hesabu mbaya! Mtu mwenye akili hujiwekea mwenzake wa kugawana lawama. Wifi lazima apewe kitufe.

Nikampa, mbele ya wote. Nikamwonyesha F2, kidole chake juu ya kidole changu. Wifi akavua miwani, akaifuta, akasema tangu niolewe kwao hiki ndicho kitu kizuri cha kwanza kumfanyia. Akanikumbatia na sindano zake zote kifuani. Baba Watoto akageukia ukutani. Mkwe akasema mama, hii ndiyo njia sahihi, kuaminiana. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikaribia kulia na mimi.

Walipokwenda kula nikafungua safu ya Goti, mzee wa pili, 46. Nimeandika 64. Ni kumpima tu, nione sasa anayo ruhusa ataitumiaje. Mlango wa dharura nimemwambia mkwe asiuweke, utanichafulia matokeo.

Kesho nitafika mapema. Na muuza nyuzi nitamkwepa, nitapitia njia ya nyuma.